Hamisha, Si Nakili

Jumatatu, 3 Juni
Ndoa tamu! Nimeamka nikamkuta Asali wangu bado amelala, kinywa wazi, anakoroma taratibu kama friji jipya. Machozi ya furaha yakanitoka. (Asali ni jina nililompa mke wangu. Yeye huniita “wewe”. Kwa mapenzi.)

Tunaishi chumba cha nyuma, kwa mama yake. Mama mkwe bado hajanipenda. Atanipenda. Nina mpango.

Marehemu shemeji, kitindamimba wa nyumba hii, aliacha gemu ya mkononi. Alipolazwa alijirekodi humo: anacheza, anawatania wauguzi, anamwita mama yake. Kila jioni mama mkwe huiwasha na kuiweka sikioni kama simu. Lakini tundu la chaji limelegea, na betri imevimba kama shavu lenye jino bovu. Siku yoyote sauti ile itazimika moja kwa moja.

Nitaunda programu ya kuyatoa mafaili yote humo, hewani, bila waya, hadi kwenye kompyuta yangu. Mkwe gani mwingine angeweza?

Jumanne, 4 Juni
Mkwe mwingine yupo. Bisibisi, mwanyumba wangu, mume wa dada yake Asali. Fundi simu. Kaja na mkoba wake bila kualikwa. Kasema atabadilisha tundu na betri, kisha tunakili kwa waya, kesho tumemaliza. Tundu! Betri! Mtu hana ndoto hata moja. Nikamwambia mama mkwe kwamba moto wa kulehemu utaunguza sauti ya mwanawe. Sina hakika kama ni kweli. Mama mkwe akaikumbatia gemu kifuani. Bisibisi akaniuliza, mwanyumba, haya umesomea wapi? Nikasema sekondari, na nilipata alama. Hakuuliza ngapi. Muungwana.

Jumatano, 5 Juni
Programu imezaliwa! Ina kitufe kimoja, chekundu, chenye umbo la moyo. Kilihitaji neno. Asali akasema andika “Nakili”. Nikakataa katakata. Shuleni aliyenakili ni yule aliyechungulia karatasi ya jirani. Nimeandika “Hamisha”. Neno la maharusi! Bibi harusi huhama kwao, hanakiliwi. Asali akanikumbusha kwamba yeye hajahama kwao. Jamani, utani wake!

Basi faili likishaaga, kule lilikotoka linafutwa, kama mpangaji mstaarabu anayefagia chumba akiondoka. Asali akauliza, na lisipofika? Nikambusu kwenye paji la uso.

Alhamisi, 6 Juni
Jaribio. Nimehamisha wimbo wa gemu. Umefika jina tu. Nimegundua kasoro ndogo: programu inafuta kwanza, ndipo inatuma. Kurekebisha kutakula siku nzima. Ningeanza papo hapo, ila nimemsikia Bisibisi jikoni akimwambia mama mkwe, “Mama, huyu mtu anatuchezea.” Anatuchezea! Nikaingia nikatangaza: kesho, mbele ya wote. Majina yakishafika, sauti nazo zitayafuata tu. Zitaenda wapi?

Ijumaa, 7 Juni
Wote sebuleni. Mama mkwe kavaa gauni lake zuri, kama anayekwenda kumpokea mtu stesheni. Akaniita mwanangu. Mwanangu! Asali akaniminya mkono. Nikabonyeza moyo. Majina yakaanza kuhama, moja baada ya jingine. Mama mkwe akashindwa kujizuia, akainyanyua gemu aibusu. Waya wa chaji ukachomoka. Kioo kikawa cheusi.

Bisibisi akabadilisha tundu na betri. Safari hii hakuna aliyemzuia. Gemu ikawaka. Tupu.

Kwenye kompyuta yangu majina yote yamefika. “Mama sikiliza hii.” “Mama usilie.” Ndani yake hakuna hata pumzi.

 Mama mkwe aliiweka gemu sikioni, akangoja. Akaendelea kungoja.

Jumamosi, 8 Juni
 Asali amechukua mto wake na kuhamia chumba cha mama yake. Kuhamia! Hata katika hasira anatumia neno langu. Nampenda mno mwanamke huyu. Bisibisi hakunicheka. Alinipita uani akasema pole, mwanyumba. Dharau ya namna gani hiyo?

Jumapili, 9 Juni
Muujiza! Kumbe Asali aliwahi kurekodi kipande kimoja kwa simu yake, akiwa ameisogeza karibu na gemu. Ndicho pekee kilichobaki duniani. Asubuhi wamekisikiliza pamoja, mlango umeachwa wazi kidogo. Nikasikia sauti ya shemeji: “Mama, umekula?” Kisha mama mkwe, wa siku ile, anacheka. Kisha mama mkwe, wa leo, analia.

Lakini kipande kinakwaruza mno! Kinahitaji kusafishwa. Wamekwenda makaburini, simu ya Asali iko mezani inachaji. Kikiingia kwenye kompyuta yangu nitakisafisha hadi king'ae, wakirudi wakute zawadi. Mama mkwe ataniita tena mwanangu. Asali ataniita tena “wewe”.

Nimeitia programu yangu kwenye simu yake. Niliwaza kidogo kuhusu lile neno la Bisibisi, kunakili. Hapana. Mimi si mwizi wa mitihani. Nimefanya rekebisho moja tu: moyo sasa ni mkubwa zaidi, unajaza kioo chote.

Nimebonyeza. Jina limefika!