Rejesho Langu Litapungua

Jumapili, 30 Novemba

Leo nimemshinda Waldek. Bila hata kunyanyuka kitini!

Tulikuwa mezani kwa mama mkwe, yaani nyumbani, maana mimi na Bogna tunaishi kwake mwaka wa kumi na moja sasa. Waldek ni kaka yake Bogna. Alinunua nyumba Toruń miaka minne iliyopita na tangu hapo anatufundisha maisha. Akaniuliza, huku akijichotea kabichi, kama mkopo wetu utakuwa wa marejesho sawa au yanayopungua. Yeye analipa sawa. Kila mwezi kiasi kilekile, miaka thelathini. Nikafuta mdomo kwanza. Nikamwambia marejesho sawa ni ya watu wanaoogopa mwezi wa kwanza. Mimi, Ziemowit Pęcak, nachukua yanayopungua. Mwanzo yanauma, kisha kila mwezi yanashuka, na kwa miaka ishirini na mitano nitakuwa nimekwepa riba ya zloti laki moja na elfu saba. Hesabu nimepiga mwenyewe, kwa kalamu.

Waldek kaweka uma chini! Akasema tu, "Haya shemeji, tutaona kama benki nayo inakujua hivyo." Wivu mtupu.

Bogna alinikanyaga mguu chini ya meza. Furaha, nadhani.

Jumanne, 2 Desemba

Benki. Afisa mikopo anaitwa Bi Otylia. Miwani kwenye kamba, uso wa mtu aliyezoea kusema hapana.

Kasema tunataka laki nne na elfu ishirini. Kwa marejesho sawa, zloti 3,022 kwa mwezi, tunapita. Kwa yanayopungua, mwezi wa kwanza ni 3,920, na benki hupima uwezo kwa mwezi huo wa kwanza. Kwa mtindo huo hawawezi kutupa zaidi ya laki tatu na elfu thelathini na mbili. Nikamweleza kwamba mwezi wa kwanza ni mmoja tu. Akasema kila mteja humwambia hivyo.

Bogna akasema basi tuandike sawa, twende zetu. Nikamwomba Bi Otylia atupe muda. Bogna alitembea mbele yangu mpaka kituo cha tramu. Hapo akanikumbusha kwamba tumeshalipa arabuni ya elfu arobaini na mbili, na uamuzi wa benki usipomfikia muuzaji kabla ya Ijumaa tarehe 19, arabuni inaliwa na nyumba inakwenda kwa mwingine. Kana kwamba nimesahau! Vyumba viwili, mtaa wa Fordon, ghorofa ya nne, jiko lenye dirisha lake. Bogna ameshalichora jiko hilo kwenye karatasi yenye miraba, hadi droo ya vijiko.

Siku kumi na saba. Mwenye akili hahitaji hata nusu yake.

Alhamisi, 4 Desemba

Mpango wa kwanza: kufuta madeni madogo. Bi Otylia alisema kila deni linakula uwezo. Nimefunga kadi yangu ya mkopo. Nimemaliza pia kulipia mashine ya kuoshea gari kwa presha. Bogna hakuwa anajua habari za mashine. Sasa anajua. Kauliza kwa nini tulinunua mashine ya kuosha gari ilhali gari tuliliuza miaka minne iliyopita. Nikamwambia ilikuwa bei ya ofa.

Nimempigia Bi Otylia kwa fahari. Uwezo umepanda! Kwa elfu sita.

Bado tunapungukiwa elfu themanini na mbili.

Jumanne, 9 Desemba

Leo ni sikukuu ya jina la mama mkwe, siku ya kalenda yenye jina lake. Leokadia! Miaka kumi na minne sijawahi kuisahau, hata mara moja. Waldek huisahau mwaka mmoja baada ya mwingine, na leo kaja na maua manane. Manane! Kwetu maua ya idadi shufwa ni ya mazishi! Mimi nilileta saba, kama inavyotakiwa, na keki ya jibini kutoka duka la bei ghali. Mama mkwe alinipokea kwa busu mashavu yote. Waldek akachomoa ua moja na kulificha nyuma ya redio.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Mama mkwe ana pensheni. Aliendesha tramu maisha yake yote, pensheni nono, deni hana. Akitia saini pamoja nasi, uwezo unapaa!

Nikamvizia jikoni. Nikamwambia benki inahitaji mtu mzito, mwenye jina. Akajinyoosha mgongo. Akasema alikuwa anangoja miaka mingi mtu agundue hilo. Bogna nimemwambia mama anakuja kesho kututia moyo.

Lo, natamani kuiona sura ya Waldek!

Jumatano, 10 Desemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama mkwe alivaa kofia yake ya manyoya. Aliketi mbele ya Bi Otylia kama malkia. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa Bi Wanda, jirani wa ghorofa ya pili, mdomo wake haujui kufuli. Nikatangaza: mkopaji wa tatu! Bogna akanigeukia, macho yamemtoka. Bi Otylia akachukua kitambulisho, akasoma namba. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ile ni mwaka wa kuzaliwa. Nani alizitazama? Akasema kwa sauti ya kaunta, "Hamsini na sita. Kwa hiyo mama ana miaka sitini na tisa."

Sitini na tisa! Mimi nilijua sitini. Ningejuaje? Kwetu mtu mzima husherehekewa jina, na jina halina umri. Leokadia ni Leokadia kila Desemba.

Bi Otylia akaendelea. Mkopo lazima uishe kabla mkopaji mkubwa kuliko wote hajafika sabini na tano. Miaka sita badala ya ishirini na mitano. Akabonyeza, akageuza skrini. Rejesho la kwanza: zloti 8,353.

Nikauliza kama yanapungua. Akasema ndiyo, yanapungua.

Mama mkwe alisimama, akavaa glavu, kidole kimoja kimoja. Bi Wanda akamwambia, "Hongera dada, hata hufanani." Hadi tramu inafika, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ijumaa, 12 Desemba

Mama mkwe haongei nami. Chakula changu anakiweka mezani na kumwambia paka kwamba kiko tayari.

Waldek kapiga simu. Kacheka mpaka akakohoa. Yeye mwanawe wa kumzaa alidhani mama ana sitini na tano! Nikamuuliza Bogna kwa nini hakuniambia. Kasema yeye ndiye humchukulia mama dawa, umri anaujua siku zote, ila mimi sikumuuliza umri wala kumwambia mpango. Nikasema hiyo ndiyo shida ya nyumba hii, watu hawaongei.

Waldek akamalizia, "Shemeji, njoo tu kwenye sawa, huku kuna joto." Sasa siwezi kurudi nyuma. Ni heshima ya mtu.

Jumatano, 17 Desemba

Nilimweleza Bogna mpango wa tatu, kumwomba bosi aniongeze mshahara kwa maandishi. Hakugomba. Ningependa angegomba.

Kasema: "Ziemek, miaka kumi na moja napika kwenye jiko la mama. Kila nikishika sufuria naambiwa hapo sipo pake. Nina miaka arobaini na sijui nikiachiwa ningeweka chumvi wapi. Mimi sijali lipungue lisipungue. Nataka jiko langu."

Akaweka fomu mezani. Marejesho sawa, yameshawekewa alama. Pamebaki pa saini yangu.

Moyo uliniuma, nakiri. Nikatia saini. Pembeni nikaandika "kwa sasa". Kule benki, Bi Otylia alipoiona akachapa fomu nyingine, akanisimamia nikiandika.

Ijumaa, 19 Desemba

Saa nane mchana, simu. Benki imekubali! Arabuni imepona. Bogna alilia, akamkumbatia mama yake, akamkumbatia paka, kisha mimi. Nyumba tumepata, na nani aliyeileta? Kalamu ya nani?

Bi Otylia alitaja jambo moja dogo mwishoni. Ukilipa zaidi, rejesho la mwezi linapigiwa hesabu upya na kushuka.

Linashuka!

Jumamosi, 31 Januari

Leo tumefungua nyumba. Huku sherehe hii inaitwa kwa jina la kizingiti cha dirisha, kwa kuwa nyumba mpya haina viti na wageni hukaa na kula hapo. Yetu ilifuata desturi kabisa. Waldek alikaa kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, akatazama huku na huku, akauliza makabati yako wapi. Na sinki. Na kitu cha kupikia.

Nilikuwa nikilisubiri swali hilo wiki nzima. Nikatoa barua ya benki mfukoni, nikaisoma nimesimama. Rejesho la mwezi lilikuwa 3,022. Kuanzia Februari ni 2,921! Nililipa zaidi elfu kumi na nne kwa mkupuo mmoja, zile zilizokuwa zimelala bure kungoja fundi wa makabati ya jikoni. Rejesho la Waldek halijawahi kushuka hata senti. Aliangalia chini. Hata mama mkwe aliongea nami kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Neno moja. Siliandiki.

Bogna ndiye aliyekuwa hajui. Nilitaka iwe zawadi. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja ile karatasi yake ya miraba, akachukua sufuria ya bigosi, mchuzi wa kabichi na nyama, iliyopoa na kwenda kuipasha kwa mama yake. Mama mkwe akamfuata na mfuniko. Ni saa tatu sasa na hawajarudi. Nyumba mpya, na haina jiko.

Amechoka tu na kuhama. Ataelewa akiona taarifa ya Februari.

Friji bado iko kwenye boksi lake. Duka linapokea bidhaa na kurudisha pesa ndani ya siku kumi na nne, na leo ni ya kumi na mbili. Elfu tatu. Nimepiga hesabu kwa kalamu: zloti ishirini na moja zitapungua tena, kila mwezi!