Nyumba ya Mzungu na Mkopo wa Njoroge

Wenzangu mliobaki huko Nyeri, leo nimejivua nguo mbele ya serikali. (Si hizi za kitambaa. Hizo bado ninazo.) Ninawaandikia mwenyewe, kwa haya maandishi yangu ya darasa la ngumbaru, la sisi tuliojifunza kusoma uzeeni, kabla wengine hawajawaandikia na kutia chumvi.

Mnajua tulipogawana shamba hapa Soy kwa kura, mimi nilipata kipande chenye nyumba ya mzungu. Nyumba ya mawe, madirisha ya vioo, sakafu ya mbao! Nikaringa. Halafu nikaambiwa mwenyewe hakurudi Ulaya kama wenzake. Alifia humo, chumba cha nyuma, na amezikwa pale chini ya mikaratusi. Basi. Tukajenga kibanda cha udongo tukalala huko, na nyumba kubwa tukaitia mahindi. Hakuna aliyesema anaogopa. Tulisema tu mahindi yanapenda mahali pakavu.

Sasa mjukuu wangu Njoroge. Ana akili kuliko watoto wenu wote. (Mniwie radhi, lakini ni kweli.) Anataka mashine ya kusaga unga. Serikali imeanza kukopesha vijana wenye biashara, lakini inataka kijana mwenye makao ya kudumu, si mtu wa kutoroka na mashine. Njoroge akaenda ofisini Eldoret akaapa tunaishi kwenye nyumba ya mawe. Leo Bwana Mkopo, afisa wa ofisi hiyo, alikuwa anakuja kuona kwa macho yake.

Asubuhi ukungu ulikaa chini kabisa, huoni hata ng'ombe unayemkamua. Njoroge akaenda kumngojea barabarani. Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia sebule na kukaa pale kama mwenye nyumba. (Mimi ndiye mwenye nyumba! Nimeandika vibaya.)

Nikafika na ufagio na debe langu. Mlango ulikuwa wazi. Jana niliufunga kwa komeo, kwa mkono huu.

Nikasikia viatu. Viatu vizito juu ya mbao. Ko. Ko. Ko. Polepole, kama mtu anayekagua mali yake. Mlango wa chumba ukafunguliwa, ukafungwa. Halafu mwingine. Nikachungulia. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, na katikati yake nikaona kofia pana ya kizungu inatembea. Chini yake sikuona uso.

Jamani!

Nikauvuta mlango, nikasukuma komeo, nikapiga debe kwa mti wa ufagio. Jirani yetu Wafula akaja mbio na panga.

"Mama, ni mwizi?"

"Mwizi gani? Ni yeye mwenyewe! Amerudi!"

Wafula akaweka panga chini. "Huyo panga halimwezi. Tuimbe."

Tukaimba nyimbo za kanisa. Majirani wakaja, wakaimba. Mlango ukaanza kugongwa kutoka ndani.

"Fungueni! Mimi ni wa serikali!"

"Serikali yako ilishuka na bendera yake!" nikamjibu.

"Nataka kuona mwenye nyumba!"

Hapo nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo nikasema kwa heshima, maana marehemu hatukanwi: "Mzee, usitukasirikie. Hatujalala humu hata siku moja. Kitanda chako hatujakigusa. Tunalala kwa kibanda huko nyuma, na Njoroge pia. Yale aliyosema Eldoret ni uongo wa kutafuta mashine tu. Nenda upumzike."

Wimbo ukakatika wenyewe. Halafu kishindo, mahindi yakaporomoka.

Mara Njoroge akatokea kwenye ukungu, anahema, anamwita nyanya yake. "Cucu! Gari limekwama kwa matope. Dereva anasema Bwana Mkopo alikata njia kwa miguu. Hajafika hapa?"

Nikatazama komeo. Wote wakatazama komeo.

Wafula ndiye aliyefungua. Akatoka kijana mweusi kama sisi, ila alikuwa mweupe kuanzia kofia mpaka viatu, kwa ile dawa ya wadudu tunayotia kwenye mahindi. Wanawake wawili wakakimbia hata hivyo.

"Mama," akaniambia, "nimesikia yote."

Njoroge akaketi chini kwenye nyasi. Nikaiona mashine yake inakwenda zake.

"Lakini niambie," akasema Bwana Mkopo, sauti imeshuka. "Yule mzee wa chumba cha nyuma ni nani? Nimemsalimia, anakohoa tu."

Wafula akaokota panga lake, akalishika kwa mikono miwili.

Bwana Mkopo akatutazama mmoja mmoja, akaelewa, akaruka ngazi zote mara moja. Akatoa hukumu akiwa kule kwenye ua. Mkopo Njoroge atapata, lakini lazima mtu wa jamaa alale kwenye nyumba hiyo kuanzia leo. Kesho atatuma mtu ahakikishe. Yeye mwenyewe haji.

"Nani atalala?" akauliza.

Watu wakatazama miguu yao. Njoroge akang'oa nyasi. Nikasikia mwanamke mmoja anasema kwa sauti kubwa, "Mimi! Niogope nini? Nyumba ni yangu!"

Mwanamke huyo alikuwa mimi.

Sasa jua linashuka nyuma ya mikaratusi. Godoro wameshanipelekea, wamelitupa kutoka mlangoni. Msinicheke, tafadhali. Na atakayecheka apande basi aje. Chumba cha nyuma kina nafasi ya mtu mmoja zaidi.