Bafu la Marumaru Mlimani

Kurugenzi ya Reli ya Mlima Vallorsa, huko Graubünden, Uswisi, ilitangaza mwaka 1932 kwamba taabu ya kusafiri imekwisha. Imekwisha daraja la kwanza. Daraja la tatu iliendelea kama kawaida.

Kamati ya Starehe ilikuwa imefanya kazi kubwa. Mwaka 1909 iliweka mapazia. Mwaka 1921, baada ya vikao kumi na tisa, viti vya mahameli. Sasa ilileta behewa lenye bafu la marumaru, ingawa safari nzima ni dakika hamsini na reli yenyewe ina upana wa mita moja tu. Mtu akioga, kiwiko kilitoka dirishani. Kamati iliita hali hiyo "kushirikiana na mandhari".

Asubuhi ya uzinduzi, kabla ya kushuka bondeni, gadi wa treni Risch Camathias alijumlisha uzito wa mabehewa. Akajumlisha tena.

"Bwana Mkurugenzi, tumezidi tani nne. Breki hazitatuzuia."

Mkurugenzi Zellweger, aliyekuwa na wageni wake ndani ya behewa la bafu, hakushtuka. "Fungua behewa la daraja la tatu, libaki hapa. Abiria wake waahirishwe."

"Waahirishwe vipi?"

"Kwa heshima."

Kwenye benchi la mbao la daraja la tatu, mjane Menga alikuwa amepakata keki. Akatoa kichwa dirishani. "We Risch! Mwanangu anaolewa huko chini saa tano, na treni nyingine ni jioni. Ukiniacha hapa, mimi na wewe basi!"

"Tulia, dada. Sijafungua kitu."

Risch akatoa kitabu cha kanuni, akasoma polepole. "Kanuni ya kumi na nne. Treni ikizidi uzito, behewa lililoongezwa mwisho lifunguliwe kwanza, hata liwe limebeba nani."

"Mjinga gani kaandika hiyo?"

"Wewe, Bwana Mkurugenzi. Mwaka jana, wakulima walipotaka kuongeza behewa la maziwa."

Zilibaki dakika mbili, na kwa watu wale treni kuchelewa ni aibu kubwa kuliko kufumaniwa. Risch akalifungua behewa la bafu.

Wageni wakabaki na marumaru yao. Zellweger alikuwa na hotuba bondeni, na bendi ya tarumbeta ilikuwa ikimsubiri. Akakimbia, akadandia daraja la tatu treni ikianza kusogea. Nafasi ilikuwa moja, kando ya Menga.

"Hapa pana mtu, mama?"

"Keti. Ila keki utashika wewe, mikono yangu imechoka. Na usiitingishe, ina krimu."

Akashuka mlima mzima ameikumbatia, wakulima wa maziwa wakimwangalia tu. Bondeni, bendi ilipoona keki inatangulia kutoka, ikapiga wimbo wa maarusi, na Mkurugenzi, kwa kukosa wa kumpokea keki, akaongoza msafara mpaka kanisani.