Chumba cha Nyuma kwa Dada Kawira

Jumatano, 9 Julai
Ndege imekwama! Tumetua nusu ya safari ya Sydney, injini imegoma. Tangazo: anayetaka apande ndege nyingine usiku huu, atakayebaki atalala hotelini, kula bure. Wajinga wakakimbilia ndege. Mimi nimebaki. Sisi watu wa mji wa Maua hatukimbilii vitu.

Nimemtuma Wainaina, niliyeketi naye ndegeni, amwambie binamu yangu Kawira atakayenipokea: Mugambi atafika Ijumaa. Nimempa na sweta yangu, maana mzigo umezidi uzito na Australia ni jangwa. Nimeona picha nyingi za kangaruu, hakuna aliyevaa koti. Wainaina amenishukuru sana. Ana kipara. Wanasema akili ni nywele. Sisemi zaidi.

Ijumaa, 11 Julai
Sydney! Baridi! Baridi ya kutafuna mifupa, nami nimeshuka na shati la mikono mifupi na kofia ya jua. Kumbe Julai ya huku ndiyo msimu wa baridi. Hakuna aliyeniambia. Kawira anadai aliniandikia mara tatu. Sikusoma, nilidhani ni ushauri.

Anakaa Liverpool, mtaa wa huku huku Sydney. Barabara pana, safi, tupu. Watu wako wapi? Nimemwamkia mzee mmoja na mbwa wake. Mbwa ndiye aliyeitikia. Juu ya nyaya, kasuku weupe wanapiga kelele kama ndugu wanaogombania shamba.

Kisha pigo. Jana Kawira na akina mama wa kanisa walikuja uwanjani kunipokea, mbuzi ameshapikwa nyumbani. Akatokea Wainaina peke yake, na ujumbe wangu, na sweta yangu. Aliyepaswa kumpokea Wainaina hashiki simu. Kawira, nesi mwenye moyo laini, akasema mgeni haachwi uwanjani. Wakampigia yeye vigelegele! Mbuzi wangu ameliwa. Chumba cha nyuma nilichoahidiwa tangu Pasaka analala yeye. Mimi nimepewa kochi la sebuleni. Inaniuma, nasema wazi. Sikuvuka bahari nije kuwa mtu wa kochi. Chumba kile nitakipata.

Jumamosi, 12 Julai
Mpango wa kwanza. Asubuhi nikamkumbusha Kawira, kwa sauti ya kusikika jikoni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu kwa Wainaina. Apewe kazi ngumu, atahama mwenyewe.

Kawira akasema nimenena kweli. Lakini Wainaina alikuwa ameshaosha vyombo, ameshapiga deki, sasa anasukuma chapati. Kazi iliyobaki ni kutoa mapipa ya taka barabarani. Nikatoa mapipa yote matatu. Jirani akaja kutuarifu kwamba lori la taka hupita Alhamisi. Nikayarudisha.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani Bankstown. Wageni wakaombwa wasimame. Nilikuwa na hotuba tayari, lakini Wainaina alinitangulia. Akasimulia jinsi ndugu Mugambi alivyomwachia nafasi kwenye ndege, akavua na sweta yake akampa mtu asiyemjua. Mama mmoja akafuta machozi. Kanisa zima likanipigia makofi.

Niliyapokea makofi vizuri, nikiinamisha kichwa kidogo. Tatizo ni moja: sasa sweta siwezi kuiomba tena.

Jumatatu, 14 Julai
Mpango wa pili. Kawira akiwa kazini, nikamvuta Wainaina kando. Nikamwambia kwa huruma kwamba buibui wa nchi hii wana sumu, na hupenda sana vyumba vya nyuma. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa, ndiyo maana niko tayari kubadilishana naye. Akanishika mkono, akauliza kama kweli ningekubali kulala huko badala yake. Nikasema mimi ni mtu wa kujitolea.

Akakunja blanketi upesi kuliko nilivyotarajia. Mwoga yule! Chumba ni changu! Nimelala katikati ya kitanda, mikono na miguu nimetawanya.

Jumanne, 15 Julai
Sikulala. Kwanza, buibui. Niliwabuni mwenyewe, lakini taa ilipozimwa niliwasikia. Pili, chumba hiki ni barafu. Kumbe nyumba hii ina hita moja tu, nayo iko sebuleni, karibu na kochi. Nimevaa mashati manne na taulo. Asubuhi nimemkuta Wainaina kwenye kochi amelala kama mtoto aliyeshiba, miguu kwenye hita, sweta yangu kifuani.

Hata hivyo, mtu mwenye akili hashindwi na chumba. Jioni nimemwambia nimechunguza kila pembe, hakuna buibui hata mmoja, na kwamba dhamiri hainiruhusu kumnyima kitanda. Akasita. Nikasisitiza. Nikambebea mto mwenyewe, nikajitandaza kwenye kochi. Miguu kwenye hita! Raha iliyoje!

Jumatano, 16 Julai
Kawira aliporudi kutoka zamu ya usiku alinikuta kwenye kochi. Akaniuliza kilichonitoa chumbani. Nikasema nimemwachia mgeni. Akaguswa mno. Akasema ameona aibu, mimi najinyima kila siku na yeye hajamfanyia mgeni kitu. Basi akachomoa hita, akaipeleka chumba cha nyuma kwa Wainaina.

Naandika haya nikiwa na taulo kichwani. Sina wasiwasi. Wainaina anaogopa nyoka? Kesho nitamuuliza.