Panya Wangu Hatetemeki

Jumamosi, 20 Desemba
Simu, andika. Mjukuu wangu Gladness amepanda huku mlimani toka chuo Moshi. Anasema maabara kwao wana panya wanaotetemeka kama babu yake! Yesu na Maria! Wanawachoma sumu, kwenye ubongo zinakufa chembe zinazotengeneza dopamini. Hiyo dopamini ndiyo inaamrisha mkono utulie. Panya wengine walipewa kwanza maji ya majani fulani. Hao vimeng'enya vyao, ndio walinzi wa mwili, vilibaki vingi, vikaizima sumu isile ubongo kama kutu. Hawakutetemeka sana. Akasema Bibi, hao ni panya, na walipewa kabla ya sumu. Mimi nilisikia majani.

Ijumaa tunachinja mbuzi wa ukoo. Mume wangu Basili ndiye mkubwa, ndiye anagawa nyama. Kisu kikimshinda, atakishika mdogo wake Primus, agawe yeye. Halafu mkewe Mektrida apewe nyama kabla yangu! Yule aliyekuja hapa hajui hata kumenya ndizi!

Jumapili, 21 Desemba
Sikwenda misa. Nimetega panya wa stoo, nimemlisha mboga ya mnafu. Gladness kakataa kutaja majani yenyewe, lakini mnafu mchungu, na dawa ni chungu. Panya kashiba. Hatetemeki hata kidogo! Nikamwita Gladness aone maajabu. Eti Bibi, huyu alikuwa anatetemeka lini? Wivu wa wasomi.

Jumatatu, 22 Desemba
Mnafu asubuhi, mchana, jioni. Basili kauliza kama siku hizi analala zizini. Vidonge vyake vya hospitali nimeficha kwenye gunia la mahindi, visije kugombana na majani.

Jumatano, 24 Desemba
Jamani! Basili kakakamaa kama nguzo! Kwenye kiti hanyanyuki, mdomo haufunguki, macho tu yananitafuta. Nilipiga kelele mpaka Mektrida akasikia ng'ambo ya mfereji. Gladness akauliza vidonge viko wapi. Nikasema sijui. Akaniangalia. Nikaonyesha gunia. Kumbe ndivyo vinavyompa babu yake hiyo dopamini, ukivikatisha ghafla ndiyo haya! Tukampeleka hospitali na gari la Primus. Gari la Primus, fikiria! Nilikaa nyuma nimemshika mkono. Umetulia kama jiwe. Miaka yote naomba utulie. Leo nikamwomba Mungu utetemeke tu.

Ijumaa, 26 Desemba
Mkono unatetemeka! Asante Yesu! Vidonge vimerudi, na Basili karudi nyumbani. Kwenye mbuzi kisu kilimshinda kweli. Primus akaushika mkono wa kaka yake, wakakata pamoja, Basili akitaja nani apewe nini. Mimi wa kwanza! Mektrida kaangalia migomba. Gladness kaniapisha nisiguse tena dawa za babu yake. Nimeapa.

Lakini nimeona kitu. Primus naye kidole gumba kinacheza! Wengine hawajaona. Na Gladness si alisema mwenyewe, majani yanatakiwa mapema? Huyu bado mapema. Nimechuma mnafu kapu zima. Nimemuuliza Mektrida, kwa upole tu, vidonge vya presha vya shemeji anaviweka wapi.