Jinsi Kamati Ilivyompumzisha Bi Sikuzani

Katika wiki ya Saba Saba, mwaka 1975, mbele ya wananchi wapatao mia mbili na mbuzi kadhaa, nilipanda juu ya kreti la soda katika kijiji chetu cha Chanzuru na kutangaza kwamba kuanzia siku ile wazee wote wataanza kupumzika. Mapumziko yataanza saa moja na nusu asubuhi bila kuchelewa. Mzee atakayekutwa anafanya kazi baada ya muda huo atachukuliwa hatua kali.

Watu walipiga makofi. Walipiga makofi kwa sababu nilinyamaza, na mtu akinyamaza juu ya kreti ndivyo inavyotakiwa.

Naitwa Wenceslaus, na nilikuwa Katibu wa Kamati ya Mapumziko ya Wazee. Mwenyekiti wangu alikuwa Ndugu Donati, mtu wa kifua mbele mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Ndugu Donati alikuwa ametoka semina. Huko alisikia kwamba katika nchi zilizoendelea, mtu akifika miaka hamsini na mitano hukabidhi kazi na kukaa. Alirudi hana usingizi. Alinieleza kwamba wenzetu walianza na viwanda wakaishia na wastaafu, na kwamba sisi, kwa kuwa tumechelewa, tutaokoa muda kwa kuanzia mwisho. Nililiandika jambo hilo kwenye muhtasari na kulipigia mstari.

Maandalizi yalikuwa kabambe. Kule Mikumi, kando ya barabara kuu, tulijenga Kituo cha Mapumziko chenye mabenchi arobaini yanayotazama lami. Nyuma yake ilikuwa nyika na nyati wake. Ratiba niliitunga mwenyewe: saa mbili kukaa, saa sita uji, saa saba kuendelea kukaa, saa kumi kuwaza. Kilichokosekana ni mkaaji tu.

Hapo ndipo tulipogonga mwamba. Kijijini hapakuwa na mtu mwenye cheti cha kuzaliwa. Tulipowauliza wazee umri wao, sita walisema walizaliwa mwaka wa nzige, na nzige, kwa taarifa tulizokusanya, walikuja mara nne. Mmoja alisema alizaliwa siku mama yake alipokuwa hayupo vizuri. Ndugu Donati alipendekeza tuhesabu mvi, lakini yeye mwenyewe alikuwa na upara na pendekezo likaondolewa.

Ufumbuzi niliutoa mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nyaraka zipo. Niliandika Waraka Namba Moja wa Mwaka 1975, ambao kiini chake kilikuwa hiki: shikamoo haidanganyi. Mtu anaweza kudanganya kuhusu ekari zake, anaweza kudanganya hata kuhusu wake zake, lakini hawezi kumwamkia mdogo wake. Anayesema shikamoo ni mdogo, anayeitikia marahaba ni mkubwa. Kwa hiyo akipatikana mtu mmoja tu mwenye umri unaojulikana, wote anaowaamkia ni wakubwa kuliko yeye, na hesabu imekwisha.

Mtu huyo alikuwapo. Mzee Lukasi, mkulima wa mpunga, alikuwa na kadi ya ubatizo aliyoitunza ndani ya kopo la chai. Ilionyesha kwamba alizaliwa 1919, yaani alikuwa na miaka hamsini na sita kamili. Tukamteua kuwa Kipimo Rasmi na kumkataza kusafiri kwa siku saba. Karani wa kijiji, binti mmoja makini sana aitwaye Yunis, tukamweka njia panda na daftari. Kazi yake ilikuwa kuandika kila aliyeamkiwa na Mzee Lukasi, na jibu lililotolewa. Waraka ulisema wazi kwamba hakuna atakayesamehewa. Ndugu Donati aliusaini kwa kalamu ya kuonekana.

Siku ya kwanza tu, Mzee Lukasi alimwamkia Bi Sikuzani.

Bi Sikuzani alikuwa mtunza ghala la mbegu. Kazi yake nitaieleza kwa lugha ya kiofisi: alikuwa akibaini kiwango cha unyevu kwa njia ya mdomo. Kwa lugha ya kawaida, aling'ata mahindi. Alichota punje kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, akaziweka kwenye jino moja maalumu upande wa kushoto, akang'ata, akasikiliza. Punje kavu ililia. Mbichi ilikaa kimya, na gunia lake likarudi juani. Alikuwa na meno saba yaliyobaki, na kijiji kizima kilipanda mbegu zilizopita katika meno hayo. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imetutupa, tukala mahindi ya njano yaliyokuja kwa meli. Magunia arobaini yaliyokuwa ghalani msimu ule ndiyo yaliyokuwa mbegu yetu yote. Yakiharibika hayo, hakuna mengine.

Nilimpelekea mwenyewe barua ya mapumziko, yenye saini ya Mwenyekiti, saa tatu asubuhi. Hakujua kusoma, nikamsomea kwa sauti. Aliniuliza barua inasemaje kwa kifupi.

"Kwamba umepumzika," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu saa moja na nusu."

Alilitazama jua. "Basi nimeshapumzika saa moja na nusu nikiwa nang'ata," akasema. "Sikuona ubaya wake. Niache nimalizie."

Nilimweleza kwamba mapumziko ya aina hiyo hayatambuliki. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Alipangusa vumbi la mahindi kwenye kanga yake.

"Ndugu Katibu," akasema, "mume wangu alipokufa, arobaini ilipokwisha nilikuja hapa nikang'ata. Huu mwaka wa ishirini na mbili. Nikiamka, kabla sijanawa uso, nalijua gunia nililoliacha nusu. Mkinichukulia hili, nikiamka nitawaza nini?"

Nilimjibu kwamba kuwaza kumepangiwa saa kumi alasiri, kwenye benchi. Nakiri kwamba nilisikia kitu kifuani wakati nikisema hivyo. Nilikiandika kuwa ni kiungulia.

Alinipa ufunguo. Kisha akaniambia jambo moja zaidi: mahindi ya bondeni, yale ya kando ya mto Mkondoa, yamevunwa mabichi kwa kuogopa ngedere, na yasipoanikwa tena yatavunda ndani ya magunia. Nililipokea kama maoni ya mstaafu na kuliingiza kwenye jalada. Ukaguzi wa ghala niliufanya mwenyewe siku hiyo hiyo. Niling'ata punje moja kwa niaba ya magunia arobaini. Ilikuwa kavu. Nikagonga muhuri.

Mikumi Bi Sikuzani hakwenda. Lori lilipokuja kumchukua alisema ana mgonjwa, na alipoulizwa mgonjwa ni nani akasema ni mahindi. Kila asubuhi alikuja kukaa nje ya mlango wa ghala, mgongo ukiwa umeelekea ukutani, akinusa hewa iliyopita chini ya mlango. Ndugu Donati aliamua kwamba, kwa kuwa amekaa, kisheria anapumzika.

Baada ya wiki tatu tuliitisha mkutano wa hadhara wa kuthibitisha orodha ya wastaafu. Kutoka Morogoro alikuja mgeni, Mama Hildegarda, mkaguzi mfupi mwenye miwani ambaye hakucheka wala kunywa soda aliyopewa. Alikuwa na dosari moja kubwa ambayo hatukuonywa mapema. Alikuwa ameusoma Waraka wangu mpaka mwisho.

Yunis alisimama na daftari, akasoma kwa sauti ya darasani. Bi Sikuzani, mara tisa. Mzee Paulo fundi viatu, mara nne. Halafu, bila kubadili sauti hata kidogo, akasoma: Ndugu Donati, Mwenyekiti, mara kumi na tisa. Ndugu Wenceslaus, Katibu, mara kumi na moja.

Naomba ieleweke hali ilivyokuwa. Ndugu Donati alikuwa na miaka arobaini na sita, nami nilikuwa na arobaini na mitatu. Lakini sisi tulikuwa viongozi. Tulipokutana na mzee njiani tulisimama, tukatoa kifua, tukasubiri. Mzee akishaamkia, tuliitikia. Barua za wasioamkia zilikuwa na tabia ya kupotea mezani, sijui kwa nini. Mzee Lukasi alikuwa anafuatilia kibali cha mfereji wa shamba lake, kwa hiyo alikuwa na adabu sana mwaka ule.

Mama Hildegarda alivua miwani akaifuta.

"Ndugu Mwenyekiti, ni kweli Mzee Lukasi amekuamkia mara kumi na tisa?"

"Ni kweli," Ndugu Donati akasema kwa fahari. "Na kabla ya hapo pia."

"Ukaitikia?"

"Marahaba. Mimi ni kiongozi."

"Waraka wako hautaji kiongozi. Unataja mkubwa na mdogo. Kama yeye ndiye mkubwa wako, simama umwamkie hapa hapa, Yunis afute, yaishe."

Mzee Lukasi aliinamisha kichwa, akaona aibu kana kwamba kosa ni lake. Ilikuwa salamu moja tu. Watoto huisema mara hamsini kwa siku wakielekea shule. Ndugu Donati aliutazama umati, akawatazama watu ambao kwa miaka minane walikuwa wakisimama njiani kumwamkia.

"Mimi ni mkubwa wake," akasema.

"Kwa miaka mingapi?"

"Mitatu."

Mama Hildegarda akaandika: hamsini na tisa. Bi Magreti, mama mzazi wa Ndugu Donati, alikuwa ameketi safu ya tatu. Kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa na miaka sitini na miwili. Alijifunika kanga usoni, mabega yakawa yanatikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa analia.

Kisha Mama Hildegarda akanigeukia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilifungua mdomo kabisa. Ndugu Donati akanitazama, na mdomo ukasema kwamba mimi pia ni mkubwa wa Mzee Lukasi, ila kwa mwaka mmoja tu.

Tukastaafishwa palepale. Mama Hildegarda akaendelea na hesabu yake taratibu. Kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa amepita umri tangu siku ya kwanza, barua zote alizosaini zilikuwa za mstaafu, na barua ya mstaafu haina nguvu. Bi Sikuzani, kwa hiyo, hakuwahi kupumzika. Barua za kutustaafisha sisi wawili zilikuwa na nguvu, maana alizisaini Mama Hildegarda mwenyewe. Nilitafuta tundu katika hoja hiyo nikalikosa. Ilikuwa kazi safi, na ilijengwa kwa matofali yangu mwenyewe.

Bi Sikuzani hakusubiri makofi. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo, akaondoka na wanawake sita. Nilikwenda nyuma yao kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Hadi jua linazama alikuwa ametenga magunia kumi na manne. Ukiingiza mkono ndani ulikuta joto, na harufu ilikuwa imeanza. Aliniita nishike, nikashika. Muhuri wangu ulikuwa unaonekana vizuri kwenye kila moja. Wanawake waliyamwaga mahindi juu ya majamvi wayachambue na kuyaanika, na hakuna aliyenisemesha neno. Niliwaza watoto wao wangekula nini mwaka unaofuata, nikaona haya ambayo sikuweza kuipa jina jingine. Afadhali wangenitukana.

Mikumi tulipelekwa na lori letu wenyewe, wawili kwenye mabenchi arobaini. Ndugu Donati alichagua la mbele, karibu na lami, ili wapita njia waweze kumwamkia. Mabasi ya Iringa yalipita kwa kasi. Mimi nilifuata ratiba yangu barabara. Saa mbili nilikaa, saa sita nilikunywa uji, saa kumi niliwaza. Na kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilitafuta kichwani kitu chochote nilichokiacha nusu. Sikukuta kitu.

Siku ya tano nilidandia lori la mkaa, nikashuka Kilosa, nikatembea hadi Chanzuru alfajiri. Bi Sikuzani alikuwa ameshafika ghalani. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, kisha akasukuma gunia tupu kwa mguu na kuniambia nilishike mdomo wakati akimimina. Nilishika. Mara mbili aliniambia nisilegeze. Nilianika, nilianua, nilibeba, nilimwaga kidogo nikaokota punje moja moja, na vumbi likanijaa masikioni. Jioni alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Hivi wewe, Ndugu Katibu, una miaka mingapi?"

"Kwa mujibu wa barua, hamsini na saba," nikasema. "Kwa mujibu wa mama yangu, arobaini na mitatu."

"Na katika hiyo, mingapi umefanya kazi?"

Nilitaka kutaja semina. Nilitaka kutaja majalada, safari, kamati ndogo na kamati za kamati. Nilizihesabu zote kwa uaminifu, moja baada ya nyingine, na yeye alisubiri bila haraka.

"Tangu asubuhi," nikasema.

Alitia punje mdomoni, akang'ata, akasikiliza. Kisha akanionyesha gunia lililofuata.