Gunia Moja na Gorogoro Nne

Leo nimepimwa kama mahindi. Mbele ya kanisa zima. Na hadi sasa ninapoandika haya, bado sielewi kosa langu ni lipi.

Mwezi uliopita nesi mmoja alinipima presha na uzito, akatikisa kichwa. Kilo tisini na tano. Akasema nishuke hadi tisini, la sivyo atanianzishia dawa za kumeza kila siku, maisha yangu yote. Marehemu baba yangu alimeza hizo dawa. Nimekua nikikiona kile kimfuko chake mezani, kando ya chumvi, na nakiogopa mpaka leo. Kwa hivyo niliamua mambo mawili: kukimbia kila asubuhi, na kuacha kula.

Nikisema nimeacha, nimeacha. Ugali sijagusa mwezi mzima. Mimi, Mluhya! (Shemeji zangu walidhani nimelogwa.) Kila jioni mke wangu, Mama Sharon, alikuwa anapakua, nami nasukuma sahani pembeni. Na kila asubuhi nilikuwa barabarani Kiplombe, viatu vimejaa matope, napumua kama trekta.

Leo baada ya ibada kulikuwa na upimaji wa afya nje ya kanisa. Nesi alikuwa yule yule. Nilivaa suti ya harusi yangu ili kila mtu aone nilivyopungua. (Kifungo kilikataa kufunga. Nikamlaumu dobi.) Mchungaji akaniita nitoe ushuhuda kwanza.

"Bwana asifiwe! Mwezi mzima sijala chakula, na nimekimbia kila siku!"

"Ameni!"

Nikapanda mizani. Nesi akaangalia. Akaangalia tena.

"Tisini na nane."

Hakuna aliyesema ameni.

"Sister, hii machine yako imeharibika."

"Ni mpya, Baba Sharon."

"Basi imeharibika ikiwa mpya!"

Hapo ningenyamaza, saa hii ningekuwa na heshima zangu. Lakini ng'ambo ya barabara kuna stoo ya Mzee Kiprono, anayenunua mahindi, na mizani yake inaaminiwa na kila mkulima wa huku. Nikatangaza kwamba nataka kupimwa pale. Kanisa zima likanifuata. Hata kwaya, na sare zao.

Mzee Kiprono alifungua kufuli, akanisimamisha juu ya kile chuma, akasukuma jiwe taratibu. Kisha, kwa mazoea tu, akapaza sauti vile humtajia karani wake uzito:

"Gunia moja na gorogoro nne!"

Gunia ni kilo tisini. Gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili. Piga hesabu mwenyewe.

Akaniangalia jasho linavyotiririka, akaongeza, "Na hii bado haijakauka."

Wee! Watu walicheka hadi mwimbaji mmoja akaketi juu ya magunia. Mke wangu peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta machozi kwa leso.

"Sister, huyu mtu ni mgonjwa. Anakataa chakula yangu, na bado ananona. Mimi naomba kila siku. Mniambie tu ukweli."

Kusema kweli, hapo nami nikaogopa. Ni ugonjwa gani huo wa kumnenepesha mtu mwenye njaa? Nikaanza kukiona kile kimfuko cha baba. Nesi akanishika mkono, sauti imekuwa ya upole.

"Baba Sharon, kweli hukulangi kitu?"

"Hata kitu kimoja! Uliza mtu yeyote hapa."

(Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza.)

Mama Chepkoech akajitokeza kunitetea. Boma lake ndilo la kwanza kwenye njia yangu ya mbio. "Wachana na huyu mtoto ya watu. Hakuli kitu! Mimi nampatianga mursik tu, haya maziwa yetu ya mgando. Vikombe mbili, kwa sababu anapita akiwa amechoka."

"Hata kwangu hakuli," akasema Mama Beti wa kibanda cha pale njia panda. "Ni uji tu. Na mandazi nne za kushikilia tumbo."

Mzee Kiprono naye, mkono bado uko kwenye mizani: "Mimi ni shahidi. Kwangu huwa ni chai na viazi vitamu. Chakula hajawahi onja."

Nikageuka kwa nesi kwa ushindi. "Umesikia?"

Mama Sharon aliacha kulia. Akaikunja leso yake polepole, mara mbili.

"Baba Sharon. Hiyo yote unakulanga asubuhi moja?"

"Sasa hiyo ni chakula? Hiyo si ni kusalimia watu tu!"

Magunia yakajaa waliokaa kucheka. Nesi alinipima presha upya, akasema imeshuka kidogo, ni mbio hizo. Dawa ameziahirisha. Nimepewa mwezi mmoja wa mwisho. "Kukimbia umekimbia," akaniambia. "Lakini unakimbia kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Mbio uendelee nazo. Chakula ukule kwa bibi yako, na kiwe kidogo."

Tumetembea hadi nyumbani. Mama Sharon akaingia jikoni, akatoka na kipande cha ugali kinachotosha kiganja, na mlima wa sukuma wiki.

"Kula," akasema. "Hii ndio kitu pekee haijakunonesha."

Nimekula nikiwa nimeinamisha kichwa. Jameni, ulikuwa mtamu! Lakini swali langu liko pale pale: tangu lini mursik ikawa chakula?

Msinicheke. Na nyinyi majirani wa Kiplombe, kesho nikipita nikikimbia msiniite, msinisalimie, msinionee huruma. Kama kweli mnanipenda, nifungulieni mbwa.